Baada ya Ocean Road: Tumrudishie mama kazi yake

  

Katika makala yetu ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi halisemwi ila kwa kunong'ona. Nalo ni hali ya mwanamke aliyeugua saratani ya matiti, akatibiwa, akajaaliwa kuyamaliza matibabu, na sasa anataka kurudi katika kazi iliyokuwa ikimpatia riziki. Mengi yamekwishasemwa katika misikiti yetu juu ya fadhila za kumzuru mgonjwa. Ni machache mno yaliyosemwa juu ya siku ile mgonjwa anapoinuka kitandani, akajifunga kanga yake, na kuulizia kazi yake.

Tuchukue mfano wa mama mpika vitumbua wa Charambe, Mbagala. Hatumkusudii mtu fulani. Mfano huu tumeuunganisha kutokana na mambo ambayo mkazi yeyote wa Temeke au Kinondoni anayafahamu. Mama huyu alikuwa akiamka kabla ya adhana ya Alfajiri, akikoroga unga wa mchele alioulowanisha na kuusaga jana yake, na jua linapochomoza watoto wa shule na mafundi wa ujenzi wamekwishapanga foleni mbele ya meza yake. Kwa vitumbua hivyo alilipa kodi ya chumba, akanunua madaftari, na akacheza upatu na wenzake. Kisha likaja uvimbe. Ikaja hospitali, kisu cha daktari, dawa za dripu, na hatimaye mionzi. Siku anapotoka Ocean Road kwa mara ya mwisho, jamaa wanampokea kwa vigelegele na kusema, "Alhamdulillahi, umepona mama." Naye anaitazama meza yake iliyoegemezwa ukutani kwa miezi minane, anaona kikaango kimeshika kutu, na mtaji wote umekwenda katika nauli na vipimo. Hapo ndipo linapoanza swali letu la leo: je, mama huyu amekwishapona?

Ugonjwa wenyewe na safari ya tiba

Ni vyema kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, kwa kuwa ujinga juu yake ndio unaomdhulumu mgonjwa zaidi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti ulimwenguni, na watu wapatao 670,000 walifariki kwayo. Hapa Tanzania ndiyo saratani ya pili kwa kuwapata wanawake, baada ya ile ya shingo ya kizazi. Wanaume nao huipata, ingawa ni wachache sana, kiasi cha nusu hadi mmoja katika kila wagonjwa mia moja. Si ugonjwa wa kuambukiza. Hauhami kwa kula chakula cha mgonjwa, wala kwa kuvaa nguo yake, wala kwa kulala naye kitanda kimoja. Si laana wala si malipo ya dhambi fulani. Ni maradhi kama maradhi mengine.

Wanawake wengi wa nchi yetu hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwishasonga mbele. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na katika maradhi haya methali hiyo ina ukweli mchungu, kwani uvimbe unaogunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Tunakumbuka mwaka 2005, Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania (MEWATA) kilipoitisha uchunguzi wa matiti katika viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam. Wanawake walijitokeza kwa maelfu, jambo lililodhihirisha kuwa mama zetu hawapuuzi afya zao. Wanachokosa ni mlango ulio wazi na mtu wa kuwaelekeza.

Matibabu ya ugonjwa huu ni safari ndefu. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996 katika majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, iko ufukweni mwa bahari katikati ya jiji. Mgonjwa wake anaweza kuwa anakaa Bunju, Boko, Chamazi au Yombo Vituka. Dawa za dripu aghalabu hutolewa kila baada ya majuma matatu, kwa miezi kadhaa. Mionzi hutolewa siku tano katika juma, kwa majuma yapatayo matatu hadi matano. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, nauli ya mtu na msindikizaji wake, kwenda na kurudi, kwa daladala mbili au tatu, kila siku, katika kipindi ambacho haingizi hata shilingi. Hata pale matibabu yenyewe yanapopata msamaha au bima, safari haina bima.

Wala safari haiishii hapo. Wanawake wengi huandikiwa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano, na wengine hadi kumi, ili ugonjwa usirejee. Kliniki ya marejeo huendelea kwa miaka. Na hapa ndipo lilipo jambo zito tunalotaka kila msomaji alishike: mwanamke asiye na kipato huiacha kliniki. Si kwa ukaidi, bali kwa kuwa shilingi alizonazo zinagombaniwa na unga wa watoto na nauli ya Ocean Road, na mama yeyote unajua atachagua nini. Kwa hiyo kumsaidia kurudi kazini si hisani ya ziada inayokuja baada ya tiba. Ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kazi ya mwanamke si jambo la kuonea haya

Wapo watakaosema kwamba mwanamke wa Kiislamu aliyeugua kiasi hicho akae ndani tu, kazi ya nini? Tunawakumbusha kwamba Bibi Khadija (R.A.), mama wa waumini, alikuwa mfanyabiashara ambaye misafara yake ilikwenda hadi Sham. Bibi Zaynab bint Jahsh (R.A.), naye mama wa waumini, alisifika kwa kufanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka kutokana na kazi hiyo. Na Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Nisaa aya ya 32, imethibitisha kuwa anachokichuma mwanamke ni fungu lake, kama vile anachokichuma mwanamume kilivyo fungu lake.

Zaidi ya hayo, kazi kwa mwanamke wa mitaa yetu si fedha peke yake. Ni mahali anapojulikana. Yule mpika vitumbua ana wateja wanaomwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mwalimu wa shule ya msingi ya Tegeta ana wanafunzi wanaomwamkia njiani. Mshonaji wa Tandika ana mashoga wanaokaa kibarazani pake kuzungumza. Ugonjwa ulipomwondoa kazini, ulimwondoa pia katika mazungumzo hayo, akabaki kuwa "yule mgonjwa". Anapoulizia kazi yake, anauliza pia jina lake.

Makosa mawili ya nyumbani

Tumeona kuwa familia nyingi, ingawa zinampenda mgonjwa wao, huangukia katika moja ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kumharakisha. Jamaa wakisikia daktari amesema matibabu yamekwisha, huona mambo yote yamerudi kama zamani. Asubuhi ya pili anaambiwa achote maji, afue, apike futari ya watu kumi. Akisema amechoka, wifi yake humjibu, "Si umeshapona wewe?" Lakini uchovu unaoletwa na dawa za saratani si uchovu wa kawaida unaoondoka kwa kulala usiku mmoja. Huweza kudumu miezi mingi, kwa wengine mwaka na zaidi. Kuna pia ganzi za vidole, kusahau sahau, na joto la ghafla mwilini linaloletwa na baadhi ya vidonge. Mwenye hali hizo si mvivu wala hajidekezi.

Kosa la pili ni kumfungia. Hili huvaa vazi la huruma, ndiyo maana ni vigumu kuliona. Mama mzazi anamwambia, "Mwanangu, wewe pumzika tu, sisi tupo." Meza ya vitumbua inapewa jirani. Cherehani inauzwa "kwa kuwa huitumii". Katika upatu anaondolewa "asije akasumbuka". Hakuna aliyemwuliza. Mwaka unapita, wale waliosema "sisi tupo" nao wana shida zao, na mama yule anabaki hana kazi, hana mtaji, na hana neno la kusema mbele ya wanaomlisha.

Njia ya haki iko kati ya makosa haya mawili: arudi, lakini kwa kipimo. Na kipimo hicho akiseme yeye pamoja na daktari wake. Familia iulize maswali matatu mepesi: Unataka kuanza lini? Unaweza saa ngapi kwa siku? Ni kazi ipi tukuondolee? Aanze kwa siku mbili au tatu katika juma, saa chache za asubuhi anapokuwa na nguvu, kisha aongeze kadiri mwili unavyokubali. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenye biashara ndogo

Wengi wa wanawake wa Mbagala, Tandika, Tandale, Kawe na Bunju hawana mwajiri, wamejiajiri wenyewe. Kwao mambo matatu huwa mazito: mwili, wateja na mtaji.

Tuanze na mwili. Katika upasuaji wa titi, mara nyingi madaktari huondoa pia tezi za kwapani. Kwa baadhi ya wanawake, mkono wa upande huo huweza kuvimba, hata baada ya miaka. Hii haina maana kwamba mkono usitumike. Kinyume chake, mazoezi yanayoelekezwa na wataalamu huusaidia, na nguvu hurudishwa hatua kwa hatua. Linalotakiwa ni kutouvamia kwa mzigo mkubwa ghafla, na kuukinga na michubuko, mikato na moto. Kwa mama lishe maana yake ni hii: ndoo ya lita 20 na sufuria kubwa ya wali zibebwe na kijana wa nyumbani, mafuta ya moto yashikwe kwa mkono wa upande mwingine au na msaidizi, na wakati wa kuosha vyombo avae glovu. Mkono ukiwa mwekundu, ukapata joto na kuuma, au homa ikipanda, asingoje wala asikandwe nyumbani. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wateja nao ni mtihani. Inasikitisha kusema kwamba wapo wanaoacha kununua chakula kwa mwanamke aliyeugua saratani, wakidhani ugonjwa utawafuata sahanini. Hapa majirani wenye kuheshimika wana kazi rahisi sana na yenye thawabu kubwa. Imamu wa msikiti anapotoka kuswali Alfajiri, asimame mbele ya meza ya mama yule, anunue vitumbua, ale pale pale watu wakimwona. Mjumbe wa nyumba kumi afanye hivyo hivyo. Kitendo hicho kimoja kitafundisha kuliko khutba tatu.

Mtaji ndio kikwazo kikubwa kuliko vyote. Mama aliyemaliza matibabu huwa na madeni, na mlangoni pake hawakosekani wakopeshaji wa ile mikopo ambayo watu wa mjini wameipachika jina la "kausha damu". Jina limesadifu. Marejesho yake huanza mapema, kabla biashara haijasimama, na riba yake ni haramu kwa mwenye kuitoza na ni balaa kwa mwenye kuilipa. Mwanamke ambaye damu yake imekwishatolewa vipimo vya kutosha hospitalini asikabidhiwe kwa watu wa kumkausha iliyobaki.

Upo mlango mwingine ambao wanawake wengi hawaujui. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2018, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi, na maelezo yake hupatikana kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Basi kina mama wa kikundi kimoja wasimwache mwenzao nje kwa kuogopa kuwa atashindwa kurejesha. Wamwingize na wamshike mkono.

Aliyeajiriwa na haki zake

Kwa mwanamke aliyeajiriwa, iwe katika kiwanda cha Chang'ombe, duka la Mwenge au shule ya binafsi ya Boko, zipo haki ambazo ni wajibu azijue, na ni wajibu wa mwajiri Muislamu kuwa wa mbele kuzitekeleza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara, maadamu mfanyakazi amewasilisha cheti cha daktari anayetambulika. Sheria hiyo pia inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ikiwamo jinsia na ulemavu, na inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zimefafanua kwamba pale afya ya mfanyakazi inapokuwa ndiyo hoja, mwajiri achunguze ukubwa wa tatizo, atafute njia mbadala kabla ya kufikia kumwachisha, kama vile kumpa kazi nyingine au kumrekebishia aliyonayo, na ampe mfanyakazi nafasi ya kusikilizwa. Aliyeachishwa isivyo haki anaweza kupeleka malalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Muda huo ni mfupi. Asiumalize kwa kulia.

Lakini si kila jambo lifike kwenye Tume. Mara nyingi mazungumzo mema hutosha. Tunamshauri mama, kabla ya siku ya kurudi, aombe kwa daktari wake barua inayoeleza anachoweza kufanya na asichoweza kwa sasa, pamoja na tarehe za kliniki. Si lazima aeleze mwili wake wote mbele ya wanaume ofisini. Barua itasema yanayotosha. Kisha aombe mambo mahususi: kuanza kwa nusu siku, kukaa badala ya kusimama, kuondolewa zamu ya usiku, kutobebeshwa mizigo, na ruhusa ya siku za kliniki. Mwajiri akumbuke kwamba mfanyakazi mwenye uzoefu wa miaka kumi hanunuliwi sokoni, na kwamba majuma machache ya uvumilivu ni bei ndogo kwa uaminifu wa mtu.

Wafanyakazi wenzake nao wajichunge na maneno. Wasimtazame kifuani. Wasimwulize mbele za watu kama "wametoa lote". Wasimsimulie habari za shangazi yao aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Inatosha kumwambia, "Karibu tena dada, tulikukosa," kisha mmoja aongozane naye kupanda daladala jioni.

Neno kwa waume

Kwenu ninyi waume, tunasema kwa upole lakini bila kuficha. Nafaka ni wajibu wenu, mke awe mzima au mgonjwa. Kurudi kwake kazini kusiwe sababu ya ninyi kupumzika, wala chumo lake lisigeuzwe kuwa malipo ya gharama mlizotoa wakati akiugua. Wapo wanawake walioachwa wakiwa bado wanapokea dripu, na wapo walioletewa uke wenza kwa maneno ya kuwakata moyo zaidi ya kisu cha daktari. Titi moja likiondoka, mke hakuondoka. Ni yule yule mliyemposa kwa wazazi wake.

Msaada wa mume unaofaa zaidi si mkubwa wa kuonekana. Ni kuchota maji kabla ya kwenda kazini. Ni kumkumbusha kidonge chake. Ni kwenda naye kliniki mara moja moja, akaketi naye katika benchi lile, akaona anachokiona mkewe. Na ikiwa mke anaona haya kutoka kwa kuwa nguo haikai kifuani kama zamani, amnunulie au amshonee kwa fundi mwanamke sidiria yenye kitambaa laini kilichojazwa upande mmoja. Ni jambo dogo la gharama ndogo, lakini kwa mwanamke anayerudi mbele za watu huwa ni nusu ya ujasiri.

Msikiti na mtaa

Tunajiuliza, msikiti una nafasi gani katika jambo hili? Historia inatujibu. Baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa, Mtume (S.A.W.) aliamuru atunzwe katika hema lililosimamishwa msikitini Madina, na Bibi Rufayda ndiye anayetajwa kuwa mwuguzi wa hema hilo. Mgonjwa hakuwa nje ya msikiti. Alikuwa ndani yake. Basi iweje leo mgonjwa wa mtaa wa tatu asijulikane na kamati ya msikiti ila siku ya kuchangisha sanda?

Jambo la kwanza ambalo kamati zetu zinaweza kulifanya linahusu zaka. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imeyataja makundi yanayostahiki zaka, na miongoni mwao wamo mafakiri, masikini na wenye kulemewa na madeni. Mazoea yetu ni kugawa zaka kidogo kidogo, kilo mbili za mchele huku na shilingi elfu tano kule. Lakini wanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi katika pwani hii, walikwishaeleza lililo bora zaidi. Imamu Nawawi katika kitabu chake Al-Majmu' ameeleza kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa kinachomwezesha kununua zana za ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji unaomtosha kwa biashara yake, muuza mboga kwa kadiri yake na muuza johari kwa kadiri yake. Tazama, ndugu msomaji, hukumu hii imeandikwa karne nyingi kabla ya kuzaliwa mitaa ya Mbagala na Tegeta, lakini ni kana kwamba mwandishi wake alikuwa amesimama mbele ya meza ya yule mama wa Charambe. Kikaango, gunia la mchele, mkaa na nazi za kuanzia: hivyo ndivyo vitu vya kumnunulia kwa zaka. Kilo mbili za mchele zitamlisha siku mbili. Mtaji utamlisha mwaka, na mwakani huenda yeye ndiye akawa mtoaji.

Jambo la pili ni nauli ya kliniki. Kamati ya kina mama ya msikiti iwe na mfuko mdogo, japo wa sadaka za Ijumaa moja katika mwezi, wa kumlipia mgonjwa safari ya kliniki. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini waumini mia wakitoa kila mmoja shilingi mia tano, nauli ya mtu mmoja kwa miezi kadhaa imepatikana.

Jambo la tatu ni kuwakutanisha. Wapo katika kila kata wanawake waliomaliza matibabu miaka mitano au kumi iliyopita na sasa wanafanya kazi zao. Wengi wamenyamaza. Mmoja wao akikubali, kwa siri na kwa heshima, kukaa na yule anayeanza leo na kumwambia mkono ulimuuma mpaka lini, alianza na kazi ipi, alimjibu nini mwajiri, atakuwa amempa jambo ambalo daktari hana nafasi ya kulitoa na jamaa hawana elimu ya kulitoa.

Neno kwa mama mwenyewe

Kwako wewe mama uliyemaliza matibabu, usijione mzigo. Kazi isikupotezee kliniki; panga siku zako za biashara kwa kuizunguka tarehe ya daktari, si kinyume chake. Vidonge usiviache kwa kuwa unajisikia vizuri, maana kujisikia vizuri si alama ya kuwa havihitajiki tena. Ukihisi uvimbe mpya, maumivu ya mifupa yasiyoisha au kukosa pumzi, nenda kabla ya siku yako kufika. Na unapokuja mwezi wa Ramadhani, muulize daktari kwanza. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na kuikubali ruhusa ya Mola wako si udhaifu wa imani. Vivyo hivyo, anayeshindwa kusimama huswali ameketi. Ikiwa dini yako imekupimia ibada kwa kadiri ya nguvu zako, wewe nawe usijipimie kazi kwa kadiri ya maneno ya watu.

Turudi Charambe. Mtume (S.A.W.) aliwafananisha waumini na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikishtakia maumivu, mwili mzima hukosa usingizi. Katika mwili wa mama yule, madaktari wamekwishafanya sehemu yao. Wameondoa kilichokuwa kibaya ili kilicho kizima kibaki. Sehemu iliyobaki ni yetu. Kikaango kisuguliwe kutu. Meza ishushwe kutoka ukutani. Kijana mmoja abebe ndoo ya maji, mtu mmoja anunue kitumbua cha kwanza, na mama akae kwenye kigoda chake akikoroga unga kwa mkono wenye nguvu zilizobaki, hadi nguvu nyingine zirudi. Siku hiyo ndipo tutakaposema, bila kukosea, kwamba amepona.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, awarehemu waliotangulia, awape wauguzi na madaktari wetu malipo mema, na azifanye nyumba zetu kuwa mahali ambapo aliyeinuka hasukumwi chini tena. Amin.

Wabillahi Tawfiq.